Nani anasema mashini imezeeka? Kompyuta za makanisa yetu baada ya Windows 10

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisimamisha marekebisho ya bure ya usalama kwa mfumo wake wa Windows 10. Kesho yake kompyuta za sekretarieti zetu ziliwaka kama kawaida. Barua ziliandikwa, ripoti za fedha zikajazwa, na siku ya Mungu nyimbo zikaonyeshwa ukutani. Hakuna aliyeona tofauti, na hapo ndipo penye shida. Tangu siku ile mashini nyingi za jumuiya zetu, za shule na za vituo vya afya zimeingia katika uzee usioonekana kwa macho, na viongozi wengi hawajaambiwa.

Uzee wa kawaida tunaujua wote. Vumbi la kiangazi linaingia ndani ya mashini, feni inaanza kulia, kuran inakatika na kurudi kwa kishindo, na siku moja kisanduku cha umeme kinanuka moshi. Betri ya kompyuta ya mkononi inashika saa tatu, kisha saa moja, kisha dakika kumi. Diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani, inachoka kama gurudumu la pikipiki kwenye barabara ya Masisi. Huu ni uzee wa mwili. Fundi hodari wa mtaani anaupatia dawa: anasafisha, anabadilisha betri, anatoa diski inayozunguka na kuweka ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake. Mashini iliyokuwa inachukua dakika nane kuwaka inawaka kwa nusu dakika, na mwenyewe anadhani amepewa nyingine.

Uzee wa pili unatangazwa. Watu fulani, katika ofisi ya mbali, wanaketi na kuandika tarehe. Mashini haijaumwa wala haijavunjika, ila programu inayoiendesha haitarekebishwa tena. Kila mwezi wezi na watafiti wanagundua matundu mapya katika programu hizi, na kampuni inayaziba. Tarehe ikifika, kampuni inaacha kuziba, lakini wezi hawaachi kutafuta. Kwa hiyo hatari ya Windows 10 leo si sawa na ilivyokuwa Novemba iliyopita. Inapanda pole pole, kama maji ya ziwa wakati wa mvua.

Wanaodhani tunatisha watu bure wakumbuke Mei 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika mashini za nchi nyingi kwa siku chache, kikifunga faili za watu na kudai malipo. Huko Uingereza hopitali zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Na dawa ilikuwepo! Microsoft ilikuwa imetoa kizibo miezi miwili mbele yake, katika mwezi wa Machi. Mashini zilizopigwa ni zile ambazo hazikuwekewa, nyingi za Windows 7. Basi fikiri mashini ambayo kizibo chake hakitatengenezwa kabisa.

Tuseme haki: miaka kumi si kidogo. Windows 10 ilitoka Julai 2015. Windows XP ya 2001 ilitunzwa mpaka Aprili 2014, na Windows 7 ya 2009 mpaka Januari 2020. Hakuna anayeweza kudai kampuni itunze kitu milele. Kinachouma ni mlango wa kupitia. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyo katika orodha maalum. Kwa prosesa za Intel orodha hiyo inaanza, ukiondoa chache, na kizazi cha nane, yaani mashini za kuanzia mwisho wa mwaka 2017. Kompyuta nzuri ya 2016, yenye memori ya kutosha, inayofanya kazi zote za ofisi ya kanisa, inakataliwa mlangoni. Kampuni ya utafiti Canalys ilikadiria mwaka 2023 kwamba kompyuta milioni 240 duniani zinaweza kugeuka takataka kwa sababu ya tarehe hiyo moja.

Microsoft iliacha mlango mdogo wazi. Mtu binafsi anaweza kupata mwaka mmoja zaidi wa marekebisho ya usalama, mpaka 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo akikubali kuunganisha mipangilio ya mashini yake na akaunti ya Microsoft kwenye intaneti. Wateja wa Ulaya walilegezewa masharti baada ya vyama vya kutetea watumiaji kupiga kelele. Sisi hatuna chama cha namna hiyo. Katika Goma, ambako benki zilifunga milango tangu mwisho wa Januari 2025, hata mwenye dola 30 mkononi atazipitishia wapi? Njia ya akaunti inabaki, kwa aliye na intaneti ya kutosha na Windows iliyo halali. Tunasisitiza neno hilo la mwisho, maana katika ofisi nyingi, na ofisi za makanisa hazikuachwa nyuma, Windows iliwekwa na fundi kutoka diski ya kunakiliwa, bila leseni, na ripoti ya fedha inayosifu uaminifu inaandikwa juu ya programu iliyoibwa. Jambo hilo halizungumzwi katika mafundisho ya wazee. Lingepaswa.

Wengine wanasema: tununue Apple, hizo hazizeeki. Mwili wa Mac kweli ni imara. Lakini tarehe zake zinaandikwa na kampuni ileile inayouza mashini mpya. Mwaka 2020 Apple ilitangaza kuacha prosesa za Intel na kutumia zake yenyewe. Septemba 2025 ilitoa mfumo uitwao Tahoe na kusema huo ndio wa mwisho kwa mashini za Intel, tena ukakubali aina nne tu kati ya hizo. MacBook Air ya Intel iliyouzwa mpya mwaka 2020 haimo. Miaka mitano na kidogo, basi. Mac Pro ya Intel, mashini ya maelfu ya dola, iliendelea kuuzwa mpaka 2023, na mfumo wake wa mwisho ukatoka miaka miwili baadaye. Apple pia ndiyo iliyokiri mwaka 2017 kwamba ilikuwa inapunguza mwendo wa iPhone zenye betri iliyochoka bila kuwaeleza wenyewe waziwazi, na Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020. Kwa hiyo si kwamba huku kuna mashetani na kule malaika. Kila mmoja ana kalenda yake.

Tena programu huzeeka kwa kufuatana, moja ikiivuta nyingine, na hili ndilo linalowachanganya watu. Windows 7 ilipoachwa mwaka 2020, watu waliendelea kuitumia. Februari 2023 Chrome ya kufungulia intaneti ikaacha kuleta matoleo mapya kwa Windows 7. Agosti 2025 LibreOffice nayo ikaiacha. Tovuti zinabadilika, Chrome ya zamani inashindwa kuzifungua, mtu anasema intaneti ni mbaya, kumbe mashini yake imeachwa peke yake kijijini na wenzake wote wamehama. Simu ni hivyo hivyo: tangu Oktoba 2023 WhatsApp inadai angalau Android 5.0. Mama anayepokea matangazo ya kanisa katika simu ya zamani anaamka asubuhi na kikundi hakifunguki, naye anafikiri katibu amemwondoa. Tumesikia magomvi yaliyotokana na jambo dogo kama hilo.

Tuwape moyo kidogo wenye ndoto za ajabu: mara nyingine kinachoonekana uzee si uzee. Mashini ikikataa kufungua tovuti zote na kusema hazina usalama, tazama kwanza saa na tarehe. Betri ndogo iliyo ndani, kama kifungo cha shati, ikiisha, mashini inarudi miaka mingi nyuma na kuona vyeti vya tovuti kuwa vya siku zijazo. Betri hiyo haifiki bei ya kuku.

Njia ya tatu tungependa kukaa nayo zaidi. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo ambao leo unaitwa Linux. Kila mtu anaruhusiwa kuunakili, kuubadilisha, kuwapa wengine, bila kuiba. Kutoka humo yametoka matoleo mengi. Linalojulikana sana ni Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyechukua neno la kwao la utu. Ndugu wanaosoma Biblia kwa Kirundi au Kinyarwanda watatabasamu, maana kwao ubuntu ni neema, na kitu cha ku buntu ni cha bure. Hata mchaguzi wa jina pengine hakufikiria mbali hivyo.

Ubuntu ya Aprili 2024 inatunzwa bure miaka mitano. Linux Mint, iliyojengwa juu yake na inayofanana sana kwa sura na Windows ya zamani, inatosheka na memori ya giga 4 na hata mbili, na haiulizi TPM. Kompyuta ya 2012 iliyokataliwa na Windows 11 inaweza kuandika barua, kupiga hesabu, kufungua barua pepe na kuonyesha nyimbo, ikiwa na marekebisho ya usalama mpaka 2029. Vituo vya afya vinavyotuma takwimu kwa DHIS2 vinaifungua ndani ya Firefox au Chrome, kwa hiyo havina haja ya Windows kwa kazi hiyo. DHIS2 yenyewe, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, ni programu huru.

Lakini Linux pia inazeesha mashini. Debian, mama wa Ubuntu, ilitoa toleo lake la 13 Agosti 2025, na toleo hilo haliwezi tena kuwekwa upya kwenye kompyuta za biti 32, zile za mwanzo wa miaka ya 2000. Tofauti ni hii: pale kinachoamua ni uchache wa watu wa kuitunza, na majadiliano yao hufanyika hadharani, kila mtu akisoma. Si hesabu ya mauzo. Bado kuna gharama. Programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows tu huenda isifanye kazi. Aina fulani za printa zinasumbua. Na sekretari aliyejifunza Windows kwa miaka kumi na tano akikuta alama zimehamishwa atakasirika, naye ana haki ya kukasirika ikiwa hakuna aliyemfundisha. Kanisa linalotaka kuhamia Linux bila kutenga siku tatu za mafunzo na kijana mmoja wa kuulizwa maswali, afadhali lisianze.

Linalotuhuzunisha kuliko mashini ni yaliyomo. Watafsiri wa Biblia wanaijua hadithi hii. Lugha kadhaa za Ituri na za Uele zina irabu tisa, kwa hiyo zinahitaji herufi kama ʉ na ɨ ambazo mashini za kwanza hazikuzijua. Wakati ule, kabla mfumo wa Unicode haujaenea, kila kikundi kilitengeneza herufi zake: mahali pa alama fulani ya Kifaransa kiliweka ʉ, na maandishi yakaonekana mazuri kwenye mashini ile. Yakifunguliwa kwenye mashini nyingine isiyo na herufi hizo, ukurasa wa Injili unageuka vurugu ya alama. Kazi ya miaka ilibidi igeuzwe upya, herufi kwa herufi, iingie katika Unicode. Waliofanya hivyo mapema waliokoa kazi yao. Mwenye maandishi ya zamani ya lugha yake ndani ya diskette au ndani ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa kwenye kona ya ofisi asingoje. Kila mwaka unaopita unapunguza watu wanaojua namna ya kuyafungua. Paratext, programu inayotumiwa na watafsiri wengi leo, ina toleo la Windows na la Linux, kwa hiyo kazi yao haifungwi kwa kampuni moja.

Daftari la ubatizo lililoandikwa kwa wino na wamisionari kabla ya uhuru bado linasomeka, kama panya hawakulifikia. Orodha ya washiriki iliyoandikwa mwaka 2003 kwa programu ambayo haipo tena haisomeki. Hatusemi turudi kwenye wino. Tunasema yaliyo muhimu yawekwe katika namna ambayo programu nyingi zinaweza kufungua, kama PDF na ODT, yawe mahali pawili, na majina ya waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliofariki yachapwe kwenye karatasi kila mwaka. Katika maeneo yetu sababu nyingine haihitaji maelezo marefu: watu wanakimbia. Katibu anayeondoka usiku na watoto hawezi kubeba kompyuta ya mezani. Flash moja ndogo anaweza.

Tulipofikiri juu ya haya, tulirudi kwenye Yoshua sura ya 9. Wagibeoni walikuwa majirani wa karibu, lakini walijivika uzee: viatu vilivyotiwa viraka, viriba vilivyopasuka, mkate wenye ukungu. Wazee wa Israeli walitazama mkate, wakauonja kwa macho yao, wakatia sahihi agano. Kwa kawaida tunalihubiri fungu hilo kwa kosa la kutomwuliza Bwana, na ni sawa. Lakini kuna jambo jingine ndani yake. Uzee ule ulikuwa hoja. Ulitengenezwa ili upate kitu kutoka kwa anayeutazama. Tangu hapo hatuwezi kusoma maneno ya onyo kwenye kioo cha kompyuta, yanayotuambia kwamba mashini yetu haifai tena na kwamba tununue mpya, bila kuuliza: hiki ni kiraka cha kweli, au cha Gibeoni? Mara nyingi jibu ni yote mawili pamoja. Hatari ya usalama ni ya kweli. Ulazima wa kununua mashini mpya mara nyingi si wa kweli.

Na mashini mpya inatoka wapi? Ndani ya kompyuta na simu kuna vipande vidogo vinavyoshika umeme, vingine vyake vimetengenezwa kwa tantali, na tantali inatoka katika koltani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba Rubaya peke yake, huko Masisi, inatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia, na tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya imo mikononi mwa M23. Bati ya kuunganishia vipande inatoka pia Bisie, Walikale. Wasomaji wetu wana ndugu katika mashimo hayo. Wengine wana ndugu waliobaki humo. Kila kompyuta nzima inayotupwa Hamburg au Lyon kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa ofisini inaomba nyingine itengenezwe, na nyingine inaomba ardhi ichimbwe. Mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za takataka za vyombo vya umeme, na chini ya robo ndiyo iliyohesabiwa kukusanywa na kutumiwa upya kwa utaratibu. Madini yetu yanaondoka kama udongo. Sehemu yake inarudi Afrika kama takataka.

Hilo linatuleta kwenye zawadi. Tunatazamia kwamba mwaka huu na mwaka ujao makanisa rafiki ya Ulaya na Amerika yatakuwa na kompyuta nyingi za kutoa, kwa sababu shule na ofisi za kwao zinaziondoa. Tusizikatae kwa kiburi, kwa kuwa nyingi ni nzima na kwa Linux zitaishi miaka. Tusizipokee kwa kufumba macho pia, maana gharama ya kontena na ushuru wa mpakani hulipwa kwa pesa ambayo pengine ingenunua vitu bora hapa hapa. Barua ya kujibu rafiki anayetaka kutoa iwe na adabu na iwe na maswali: prosesa ni ya mwaka gani? Memori ni giga ngapi? Diski ni ile inayozunguka au ile mpya? Betri inashika saa ngapi? Chaja zimo? Na kibodi ni ya nchi gani? Swali hili la mwisho linaonekana dogo mpaka sekretari aliyezoea kibodi ya Kifaransa apewe mashini ishirini za Ujerumani, atafute herufi Y na kuikuta mahali pa W.

Kwa sasa, kabla ya 13 Oktoba 2026, kila ofisi ya jumuiya inaweza kufanya hesabu ndogo kwa alasiri moja. Mashini ya kuonyeshea nyimbo, isiyoungwa na intaneti, ibaki ilivyo, ila flash za watu zipimwe virusi kabla ya kuchomekwa. Mashini inayoshika fedha, mishahara ya walimu au faili za wagonjwa isikae kwenye intaneti na Windows 10 isiyotunzwa: ipandishwe Windows 11 kama inakubalika, iandikishwe kwa mwaka wa nyongeza, au iwekewe Linux baada ya faili zote kunakiliwa mahali pawili na kujaribiwa kama zinafunguka. Mnunuzi wa mashini iliyokwisha kutumika sokoni aulize kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei, kwa maana wauzaji wanajua tarehe ile kuliko sisi, na tangu Oktoba iliyopita wana sababu nyingi za kuharakisha mteja.